Kinyozi Aliyebaki Koridoni

Wateja walimpachika jina la Redio, kwa sababu akiwasha mashine ya kunyolea, mdomo nao unawaka. Alijua nani kahama, nani kaposa, na timu gani imefungwa kwa uzembe wa kipa. Lakini mkewe alipojifungua kabla mimba haijatimiza miezi saba, redio ilizima.

Binti yao alilazwa wodi ya watoto njiti, ndani ya mashine ya joto, mpira mwembamba ukiingia puani. Kinyozi alimtazama mara moja tu. Kuanzia hapo, kila akifika hospitali alikabidhi chupa ya chai na nguo safi mlangoni, kisha akabaki koridoni. Mara simu inaita, mara viatu vina vumbi. Mkewe alikaa ndani peke yake, akikamua maziwa, akishtuka kila mlio wa mashine ulipobadilika.

Mchana mmoja alitoka akamkuta mumewe ameegemea ukuta.

"Unamwogopa mtoto wako?"

"Nimechoka tu."

"Nimepasuliwa mimi, umechoka wewe." Hakupaza sauti. "Dada zako wananiuliza nilibeba nini kizito. Mama ananiambia nishukuru Mungu. Mimi nilitaka mtu mmoja tu, nikae naye hata bila kusema kitu."

Kinyozi akatazama sakafu. "Nikimzoea halafu akaondoka, nitafanyaje?"

"Mimi nimeshamzoea," mkewe akasema. "Sasa nifanyeje?"

Kinyozi alinawa mikono mpaka viwikoni, akamfuata ndani.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akamwambia afungue shati. "Anataka joto lako, baba. Kaa, tulia." Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akawafunika. Kinyozi akakauka kama mtu anayenyolewa na mwanafunzi. Uzito hakuusikia kabisa. Alisikia joto, na moyo mdogo unaokwenda mbio. Ghafla mashine ikalia. Moyo wake mwenyewe ukataka kusimama.

"Waya umechomoka," muuguzi akasema, akaurudisha.

Hapo ndipo machozi yalipomshuka, na mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta. Alipogeuka kumtazama mkewe, alimkuta amesinzia kwenye kiti, kinywa wazi.

Tangu siku hiyo alifunga saluni mapema na kwenda kushika zamu yake. Mtoto hakupona kwa mstari ulionyooka. Akiongezeka leo, kesho anapata homa na wote wanarudi kwenye kushika roho mkononi. Mwishowe wakaruhusiwa.

Watu walidhani yamekwisha. Kumbe nyumbani ndiko mkewe alikoyumba. Ukimya ulimnyima usingizi. Akawa hali vizuri, anaweka kidole chini ya pua ya mtoto kila mara, analia akiosha vyombo. Kinyozi akamrudisha kwa yule muuguzi.

"Wengi huanguka wakishafika nchi kavu," muuguzi akawaambia. "Si udhaifu, mwanangu." Akampeleka kwa mshauri wa hospitali, na kwa kina mama wengine waliopitia hayohayo.

Binti sasa anatambaa, na mama yake anacheka tena. Zipo siku bado anaamka kumsikiliza anavyopumua. Siku hizi humgusa mumewe bega, wakasikiliza wote wawili.