Mwaka Mzima wa Kupiga Pasi

Alasiri moja wiki iliyopita nilikaa viti vya nyuma katika darasa la kisomo cha watu wazima, Manzese. Mwalimu, karani aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, alikuwa ameandika ubaoni kitenzi cha Kiingereza, "get". Chini yake alipanga maana zake: kupata, kufika, kuelewa, kuamka, kupanda basi. Ubao ulikuwa unakaribia kujaa.

Mfagiaji wa kiwanda cha nguo alifunga daftari. Jumatatu angefanya mtihani wa kuhamishiwa kwenye mashine, na maelekezo ya mashine yote ni ya Kiingereza.

"Mwalimu, mie naacha. Nitabaki na ufagio wangu."

Muuza vitumbua aliyeketi naye dawati moja hakuinua kichwa.

"Ulipofika kutoka bara ukapanga kwangu, nilikwambia upige pasi kanzu ya mume wangu. Ukafanya nini?"

"Nilitafuta fimbo, mama."

Darasa lilicheka. Muuza vitumbua hakucheka.

"Siku hizi unapiga pasi, unapiga deki, unapiga simu. Nilikufundisha muda gani?"

"Mwaka mzima."

"Nilichoka?"

"Hukuchoka, mama."

"Basi mwache na mwalimu afanye kazi yake."

Mfagiaji alifungua daftari, akanakili ubao wote.

Mimi pia nilikuja mjini na Kiswahili cha kubabaisha. Aliyeninyoosha ni mama mwenye nyumba wa Mwananyamala, aliyenisahihisha kila asubuhi bila kunicheka. Nilipotoka darasani siku hiyo nilipitia kwake. Nilikuwa sijawahi kumwambia asante.