Mkwe Hashiki Grisi

Nyumbani kwetu ukiita "Baba" wanaitika watu watatu. Wa kwanza ni baba mwenyewe. Wa pili ni kaka yangu, kifungua mimba, aliyepewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo baba humwita Baba. Wa tatu ni mimi, niliyemfuata kaka na kupewa jina la babu mzaa mama. Mama huniita Baba, na baba huniita Mkwe. Ndivyo watu wa Embu na Meru wanavyopeana majina, na katika nyumba nyingi ni utani wa kuchangamsha meza tu. Kwetu haukuwa utani. Baba alimheshimu mno baba mkwe wake, na yule mzee alipofariki mimi nikiwa bado natambaa, ile heshima yote ikahamishiwa kwangu.

Mkwe hatumwi dukani. Mkwe hachapwi. Mkwe akifika anatolewa kiti. Na zaidi ya yote, mkwe hashiki grisi. Sasa baba yangu alikuwa fundi wa magari, kwa hiyo kila kitu kizuri pale nyumbani kilikuwa na grisi.

Gereji yake iko Majimbo, hapo mjini Embu, nyuma ya nyumba tuliyolelewa: mabati juu, sakafu ya simenti iliyogeuka nyeusi, meza ya chuma yenye jiriwa ya kubania vyuma. Kaka aliingia chini ya magari tangu alipoweza kutofautisha spana. Mimi niliwekewa kiti cha plastiki karibu na mlango, nikapewa kikombe cha chai na kipande cha nduma, nikaangalia. Baba alimfokea kaka tangu asubuhi mpaka spana zinaporudi kwenye sanduku. Alikuwa na swali lake moja ambalo majirani walilijua: "Hiyo mikono umeazima?" Kaka akiulizwa hivyo aliinamisha kichwa, na akiwa mdogo alikwenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Mimi nilimwonea wivu hata yale machozi. Maana baada ya kufokewa, alionyeshwa. Baba hakujua njia nyingine ya kufundisha. Alikemea kwanza, kisha akainama na kueleza, polepole, mpaka jambo likaingia. Asiyefokewa haelezwi. Mimi sikufokewa hata siku moja. Niliulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

Ufundi nilijifunza kwa watu baki. Nilihamia Meru mjini nikiwa kijana, nikaosha vyuma kwa mafundi ambao hawakujali nimepewa jina la nani, nikatukanwa nikashukuru. Leo nina gereji yangu huko, juu kidogo ya stendi, na wateja wangu hawalalamiki. Lakini kila nilipokwenda Embu kusalimia, kile kiti kilitolewa, na kaka alikuwa pale chini na mgongo wake mweusi, baba amemsimamia kichwani anabweka. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimekasirika na sina wa kumwambia.

Halafu mikono ya baba ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kijiko kugonga kikombe. Baadaye akawa hawezi kuingiza bolti kwenye tundu lake bila kuitafuta tafuta. Hakusema lolote kuhusu hilo. Alichosema, na mama ndiye aliyenipigia simu kunieleza, ni kwamba anajenga injini moja ya mwisho, ya gari lake mwenyewe, na safari hii itakuwa na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu.

Mama alifikiri mzee amechanganyikiwa. Mimi nilielewa mara moja. Baba ana kigari cheupe cha stesheni wagoni, injini ndogo ya silinda nne, cha kupeleka watu kanisani na kubeba mbolea. Kila akirudi kutoka kwangu Meru, kwenye vile vilima vya kuteremka mtoni na kupanda tena, pikapu za miraa zilimpita yeye akiwa kwenye gia ya pili anakohoa moshi. Zilimpita kwa miaka. Alikuwa akifika nyumbani anazitaja moja moja kwa rangi zake. Kwa hiyo msinishangae mimi, wivu huu nimeurithi mahali.

Nikaanza kwenda Embu kila Jumamosi. Nilitaka kitu kimoja, na nitakisema wazi: nilitaka kabla mikono ile haijakataa kabisa, baba anifundishe japo jambo moja la kazi yake, kama anavyofundishwa mwana. Baada ya injini hii hapangekuwa na nyingine.

Ilikuwa injini ya kusisimua, na hilo lilinizidishia uchungu. Vijana wengi wanachukua injini iliyochoka, wanaifunga turbo juu yake, na baada ya muda mfupi wanaikusanya barabarani kwa ndoo. Baba alianzia chini. Bloku, kile kiwiliwili cha injini, ilipelekwa kukerezwa upya. Pistoni zikanunuliwa zenye uso ulioingia ndani kidogo ili mgandamizo upungue, maana turbo yenyewe italeta hewa ya kugandamiza. Mikono ya kushikilia pistoni ikabadilishwa ikawekwa minene. Baba alikaa kwenye stuli karibu na meza, mikono ameibana kati ya magoti, na kaka ndiye aliyekuwa vidole vyake. Hiyo nati, hapana, ile nyingine, umesahau mafuta, hiyo mikono umeazima? Kaka ana watoto shuleni na kipara kinaanza, na bado anafokewa. Nilimtazama nikatamani kumsukuma nikae mahali pake.

Niliomba kazi. Baba akasema mkwe asijisumbue, ametoka mbali. Akamwambia mama aongeze maziwa kwenye chai.

Basi nikatafuta njia yangu. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zilikuwa hazijanunuliwa, na duka linaloziuza liko Meru. Nikazinunua. Nikapeleka vipimo vya silinda gerejini kwangu, nikazisaga ncha kwa tupa mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ringi si duara kamili, ina pengo dogo pale ncha mbili zinapokaribiana, na fundi hujivunia pengo jembamba, kwa sababu injini inafunga vizuri na haivuti mafuta. Mimi mapengo yangu niliyafanya membamba kweli. Jumamosi nikaziweka mbele ya baba kwenye karatasi safi, zimepangwa.

Aliziangalia kwa muda. Akachukua moja, ikatetemeka kwenye vidole vyake, akairudisha.

"Kazi nzuri, Mkwe," akasema. "Asante sana."

Nilirudi Meru naimba. Siku zilizofuata wateja wangu waliniona nimelainika, na mmoja aliyezoea maneno yangu makali akaniuliza kama nimeokoka.

Katikati ya wiki kaka akanipigia. Ringi moja imekatika wakati wa kuvisha pistoni, nije na nyingine. Sitajifanya mtakatifu, nilifurahi. Nilijiambia kwamba mikono iliyofokewa miaka yote hiyo imevunja kitu ambacho mikono isiyofokewa ilikitengeneza vizuri. Nikanunua seti nyingine, nikaamua kuisaga palepale Embu, mbele ya watu.

Siku niliyofika kulikuwa na yale manyunyu ya Embu ya mwezi wa saba, mabati yanalia polepole. Baba alikuwa bado ndani anakunywa dawa. Ili nijue kipimo, nikachukua ringi moja kati ya zile nilizozisaga mwenyewe, nikaitumbukiza ndani ya silinda, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, nikaingiza geji kwenye pengo, kile kipande chembamba cha kupimia. Geji ikapita bila kugusa popote. Nikaingiza nene zaidi. Ikapita. Nikajaribu ringi ya pili, na ya tatu. Hizi hazikuwa ringi zangu. Mtu alikuwa amezipanua zote.

Nikamgeukia kaka. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa, akijua vizuri ninachouliza kabla sijauliza. Akaeleza kwamba siku ile nilipoondoka, kabla gari langu halijafika barabara kubwa, mzee alimwita akazifungua kwenye karatasi. Turbo inasukuma hewa nyingi, hewa nyingi ni moto mwingi, na ringi ikipata moto inatanuka. Pengo likiwa jembamba, ncha zinakutana, hazina pa kwenda, na ringi inavunjika ndani na kuchana silinda. Nilikuwa nimezisaga kwa ajili ya gari la kawaida. Walikaa nazo mpaka jioni, mzee anafoka, yeye anasaga.

"Alisema nisikuambie," kaka akasema. "Unajua vile huyu mzee hukaa na wewe."

Masikio yangu yakapata moto. Kukosea si kitu, nimekosea mara nyingi na nikalipia. Lakini walikuwa wamekaa hapa jioni nzima juu ya kosa langu, na somo la kosa langu akapewa mtu mwingine. Hata kufokewa kwangu alipewa kaka. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile, naye hakuwa amefanya lolote zaidi ya kutii.

Baba akatoka ndani na sweta lake, mama nyuma yake na birika. Akaniona nimeshika ringi, akasimama. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaanza kusema kwamba kazi ilikuwa safi, ni kidogo tu. Nikamuuliza tena.

"Sasa nitamwambiaje mkwe amekosea?" akasema.

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebanwa, na nikaona kwamba miaka yote ile hakuwa akininyima kwa kunidharau. Hakuweza tu. Nilimwona, na haikunisaidia, wivu wangu ukabaki palepale kifuani.

Mama ndiye aliyeingilia kati, na hata hakutuangalia, alikuwa anamimina chai. Alimkumbusha baba kwamba baba yake yeye mama, yule mzee ninayebeba jina lake, alipokuwa akiomba kitu hakunyimwa hata mara moja. Aliomba baiskeli, ikapelekwa asubuhi yake, baba akarudi kwa miguu. Kisha akasema, kama anayezungumza na birika, kwamba hajui siku hizi wakwe wanaombaje.

Akanipa kikombe, nikakiweka chini bila kunywa.

"Basi naomba," nikasema. "Naomba kama mkwe wako. Unifokee vile unamfokea huyu."

Kaka akacheka kidogo, halafu akaacha. Baba aliitazama injini, akamtazama mama, akanitazama mimi. Akavuta stuli yake mpaka karibu na jiriwa, akakaa. Akanionyesha kwa kidevu ile seti mpya.

Nikaibana ringi kwenye jiriwa, nikashika tupa, nikaanza kusaga. Nilisaga kama nilivyofundishwa Meru, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na nilikuwa nasaga vizuri, nikisikiliza pumzi ya baba karibu na bega langu. Mvua ilikuwa imeongezeka. Nikaanza kufikiri kwamba hataweza, kwamba ataniambia kazi nzuri, na hapo ndipo ningekwenda zangu nisirudi tena gerejini humo.

"We," akasema. "Hiyo mikono umeazima?"

Nikaacha kusaga.

"Unakata kuni hapo? Nani alikuambia tupa inarudi nyuma? Unaenda upande mmoja, kutoka nje kuingia ndani. Ukirudisha unabandua ngozi ya nje ya chuma, na hiyo ndiyo inakaa kwa silinda. Fundi gani huyo alikufunza, ama alikuwa anauza mahindi?"

Sauti ilikuwa ileile niliyoisikia utoto wangu wote ikipita juu ya kichwa changu kwenda kwa mtu mwingine. Kisha, kama desturi yake, akainama kueleza. Alitaka kunionyesha mteremko wa tupa, lakini tupa ikamshinda, vidole vikaichezesha ikagonga jiriwa. Akaiacha. Akashika kiganja changu badala yake, mkono wake juu ya mkono wangu, akakisukuma mara moja kutoka nje kuingia ndani, akakiinua, akakirudisha, akakisukuma tena. Mkono wake ukiwa juu ya wangu haukutetemeka sana. Unga mwembamba wa chuma ukaanguka kwenye meza.

"Sasa pima," akasema. "Halafu urudie. Bado ni jembamba."

Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa injini, kitambaa mkononi. Alisema kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa baba.

"Mimi hajawahi nishika mkono."

Baba hakumsikia, au alijifanya hajasikia. Alikuwa ananihimiza nisiibane ringi sana. Kaka akachukua kikombe changu cha chai nilichokiacha, akaenda mpaka mlangoni, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akatuangalia.