Ndoo ya Kupokelea Maji

Nyumbani kwetu Muyinga, maji yalipokatika hatukuuliza yatarudi lini. Tulifungua bomba mpaka mwisho, tukaweka chini yake ndoo ya bati, na kila mtu akaendelea na shughuli zake. Baba yangu alikuwa fundi bati. Mtaa wetu wa Waswahili ulichota kwa ndoo zake na kusoma kwa mwanga wa koroboi zake. Hii ya kwetu aliikaza kitako makusudi, ili tone la kwanza lilie, na likilia mama alikuwa ameshasimama kabla ya tone la pili. Baba alikuwa akicheka kitandani: "Mi sikuoa mwanamke, niliajiri zamu." Zamu kwetu ni mlinzi wa lango. Mpaka leo nikisikia maji yakigonga bati, nakumbuka harufu ya makaa na risasi ya kulehemia, na moyo unaniuma.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake na ile ndoo. Nilimbembeleza sana aje kwangu Gitega, hapa Magarama. Jibu lake lilikuwa lile lile: mwanamke mzima haendi kuoga kwa mkwe wake. Mwishowe alikubali kuja "kusalimia", na mfuko mmoja wa nguo. Nilipotaka kupakia ndoo kwenye basi, akanishika mkono.

"Ndoo inabaki. Nyumba ikikosa ndoo, watu watasema mwenyewe amehama."

Ndoo nikairudisha ndani, lakini nilikuwa na chambo changu. Mume wangu alikuwa ameweka kwenye paa la nyuma mtambo wa kupasha maji kwa jua: kioo kipana cheusi, na tangi juu yake. Maji ya baridi hushuka kwenye kioo, yakipata moto hupanda yenyewe kurudi kwenye tangi, na alfajiri bado yana moto. Vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa kwa miaka mingi ya maji ya asubuhi. Udhu wa kiangazi, ambapo alfajiri zetu huwa na baridi kali, ulikuwa ukimtesa, ingawa hakuwahi kusema.

Asubuhi ya kwanza nilimfungulia bomba lenye alama nyekundu. Akaweka mikono chini yake, akaniangalia kwa mshangao.

"Yoo! Moto huu umewasha saa ngapi?"

"Sijawasha, Mama. Ni jua la jana."

"Jua ya jana," akarudia, na akatawadha taratibu mno hata nikaogopa swala itampita. Nilifurahi kama mtoto. Nilijisemea kimoyomoyo: sasa nimemshika.

Haukupita muda maji yakapoa. Nikamwita fundi aliyetufungia mtambo. Alipanda, akagonga tangi kwa spana, akabadilisha valvu moja, kisha akashuka na kutoa hukumu yake mbele ya mama.

"Madamu, apareyi hii ya jua iko sawa. Bon, ni nyinyi muko wengi sasa. Maji ya moto inaisha."

Nilitamani kumrudisha juu na kuondoa ngazi. Wengi wapi? Ameongezeka bibi mmoja mwenye kutumia maji ya kujaza birika! Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo mama alitawadha kwa maji ya baridi ya kidumu, huku akijifanya anayapenda. Mfuko wake ukatoka chini ya kitanda, ukawekwa juu ya kiti. Tulipokuwa tukichambua maharage akaniambia kwa upole:

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. We jembe hujanipa, na maji nawamalizia. Ijumaa nikishaswali, mi narudia kwetu."

Hapo hasira zikanipanda, si kwake, kwa ule mtambo. Mimi ni mtoto wa fundi. Sikubali kushindwa na bomba. Nyumba yetu imechimbiwa kwenye mteremko, kwa hiyo nyuma ya jiko unapanda ukingoni tu na paa linakufikia kiunoni. Nilianza na kioo. Kilikuwa chekundu kwa vumbi la kiangazi; nikakisugua mpaka nikajiona uso. Maji yakabaki baridi. Nikapapasa mabomba. La chini lilikuwa baridi, na ndivyo lipasavyo kuwa. La juu, pale linapotoka kwenye kioo, liliniunguza kidole, lakini nikisogeza mkono kidogo kuelekea kwenye tangi, baridi tupu. Maji yalikuwa yakichemka mahali pamoja bila kwenda popote.

Nikamkumbuka baba na mabirika yake. Alikuwa akisema hewa ikikaa ndani ya mdomo wa birika, chai haitoki hata ulipindue. Nikalegeza nati ya juu. Ikazomea, ikatema mate, kisha maji ya moto yakanirukia mkononi. Nilipiga kigelegele hadi jirani akachungulia ukutani. Kesho yake maji yalikuwa moto, na mama akatawadha nayo. Mfuko ulibaki kitini.

Baada ya siku mbili yakapoa tena.

Nilikaa ukingoni na spana mapajani, karibu kulia. Ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Kila mara mtambo ulikuwa ukifa baada ya usiku wa maji kukatika mtaani. Na kila asubuhi ya namna hiyo nilikuwa nikikuta masufuria na vidumu vimejaa pomoni, nami nikimshukuru mama.

Alhamisi kabla ya alfajiri nikaamka mapema. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa bafu, kanga mabegani. Mabomba yote mawili yalikuwa wazi, la baridi na lile jekundu, na chini ya kila moja ndoo ya plastiki.

"Mama, unafanya nini kwenye baridi hii?"

"Nangojea maji. Hii ndoo yenu ya plastiki haina sauti. Itakuja, na hakuna mwenye atasikia."

"Na zote mbili?"

"Sijui gani itaanza. Kwenu hapa iko mbili."

Basi ndilo lilikuwa jini letu. Maji ya mtaa yakikatika na bomba jekundu likaachwa wazi, tangi huvuta hewa kupitia bomba hilo, na maji yake ya moto hurudi chini kwenye mabomba ya mtaa yakawafaa walio bondeni. Yakirudi, hewa inabaki imeziba njia ya kioo. Neno lilikuwa mdomoni mwangu: Mama, ni wewe. Nikavitazama vidole vyake vilivyojikunja juu ya kanga. Nikilisema, mfuko hautasubiri Ijumaa.

Nikachuchumaa karibu naye, nikafunga lile jekundu polepole.

"Mama, haya ya ndani yanachelewa. Bomba la uani ndilo liko karibu na barabara, ndilo linapokea kwanza. Sisi hapa tunalala kama magogo, maji yanakuja na kuondoka. Nyumba hii haina zamu."

Haukuwa uongo, bomba la uani kweli hupata maji kabla ya mengine. Aliniangalia, na nilijua amesikia sauti ya baba kama nilivyoisikia mimi. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake na ndoo moja, akatoka uani.

Jua lilipopanda nikaitoa hewa. Ijumaa alfajiri niliyasikia maji ya bomba jekundu yakimwagika kwa muda, na mama akinong'ona bismillahi bila haraka. Adhuhuri akaenda kuswali. Nilibaki jikoni nikikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Aliporudi alipita moja kwa moja chumbani. Nikasikia kiti kikisogezwa. Akatoka mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Pigia jirani yetu Muyinga. Ampe shofa wa basi ndoo yangu, ailete. Na hii plastiki mi siwezi kazi."

Nikamwuliza, "Na kule, Mama, watu watasemaje?"

"Waseme," akajibu. "Mwenyewe amehama."