Dhahabu ya jirani nusura imkoseshe Zuhura mkopo

Jamani, leo dhahabu ya watu nusura imkoseshe mjukuu wangu mkopo wa serikali wa chuo!

Zuhura mwenyewe ndo anaandika, mie nasema tu. We Zuhura, usifute kitu.

Leo ndo mwisho wa kuomba, na ilibaki picha yangu tu, maana mie ndo mdhamini wake.

Sasa mie picha sipigi masikio matupu. Sikulelewa hivyo.

Nikaazima herini na mkufu kwa jirani yangu Mama Shamsa. Nikatia wanja, nikafunga kilemba.

Tukafika steshenari hapa Kariakoo. Kijana wa picha akanitazama weee.

"Shikamoo bibi. Mnaomba mkopo au mnaenda harusini?"

"Marahaba. Piga picha wewe."

"Bibi, wakikuona hivi watasema tajiri huyu, amsomeshe mwenyewe."

Zuhura wangu akanywea, machozi yakamlenga. Moyo ukaniuma!

Nikavua vyote palepale. Zuhura akawa ananifuta wanja kwa pindo la khanga, wanja nao ukazidi kusambaa. Mtoto akaangua kicheko, nami nikacheka.

Uso uliponitakata nilikuwa bado nacheka, kijana akafyatua. Pengo lote nje!

"Hiyohiyo bibi, usirudie. Hapo mkopo unatoka."

Wakaituma.

Pengo hili huwa nalifunika na khanga hata nikicheka na shoga zangu. Leo nimelipeleka serikalini likamwombee mtoto.

Mnaocheka huko chekeni, ila semeni amina.