Tuliaga Kabla ya Safari Kuiva

Sifa zote ni za Mola aliyeikunjua ardhi ikawa na njia, akatupa sisi bahari na wenzetu zabibu, ili waja wake wawe na sababu ya kutembeleana. Namshukuru kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu, na kwa mke ambaye bado ananibishia.

Safari yetu ilianza kwa simu. Dada yake mke wangu aliolewa zamani Dodoma, katika kijiji cha wakulima wa zabibu kusini mwa mji. Macho yake yana presha, maradhi ambayo dawa huyapunguza mwendo tu, haiyarudishi yalikotoka. Siku hiyo alimwambia mdogo wake, "Watu sasa nawaona kama wamekaa nyuma ya chandarua. Njoo niuone uso wako kabla chandarua hakijawa pazia."

Mke wangu akaweka simu chini, akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi. Nilipoona nazi imekwisha na yeye anakuna kifuu, nikajua tunasafiri.

Mkwe wetu, mume wa binti yetu, anakaa Zinga. Ana gari, na ana moyo mpana kuliko gari lenyewe. Walikuja wote wawili, tukaketi barazani, naye akafungua ramani kwenye simu.

"Baba, kwenda Dodoma na kurudi kwa njia ile ile ni kupoteza mafuta," alisema. "Tuzunguke. Tupite Fukayosi, tutokee Msata, tushike Chalinze, tulale Morogoro. Halafu Mikumi, mama akaone tembo. Tupande Kitonga hadi Iringa, tuteremke Mtera, ndipo tuingie kwenye zabibu."

"Mama akimwona simba," binti yetu akadakia, "ataacha kutwambia paka wake ni mkali."

"Simba hajaonja samaki wa Bagamoyo," mama yake akamjibu. "Angeonja, mngeona ukali."

Mimi mpango niliupenda. Nimeishi umri wangu wote hapa Bagamoyo, mji ambao wageni wanatoka mbali kuja kuutazama, na tembo nimemwona kwenye kalenda. Mke wangu aliuliza jambo moja tu: "Kwa dada tutafika lini?"

"Kabla wiki ijayo haijaisha, mama, inshallah."

Hapo ndipo nilipofanya haraka. Kwetu mtu haondoki kimya kimya kama mwenye kukimbia. Huaga. Hupita kwa majirani, wakatakana radhi, kwa kuwa njia ni ya Mungu na kurudi ni kwa idhini yake. Nami Ijumaa, baada ya sala, nikasimama msikitini kwetu Dunda nikawaambia waumini tunaondoka Jumapili, wanisamehe nilipowakosea. Imamu akaomba dua ndefu, watu wakaitikia amina. Mkwe alikuwa hajaniambia kwamba nafasi ya kulala Mikumi imepatikana. Mimi nilihesabu kuwa imepatikana, kwa sababu yeye hashindwi na kitu.

Nikimalizia kuaga, nilipita dukani kwa rafiki yangu anayeuza nafaka.

"Sheikh mzima unakwenda kwenye mvinyo!" alipaza sauti ili wateja wasikie.

"Nakwenda kwenye zabibu," nikamwambia. "Zabibu ni neema, imetajwa miongoni mwa neema za peponi. Anachoifanyia binadamu ni hesabu yake."

"Basi niletee hiyo neema kabla hawajaifanyia kitu."

Nyumbani mizigo ilikuwa imeshafika. Aliyeagwa hupeleka kitu, ndiyo ada. Huyu kaleta nazi, yule kaleta ng'onda, samaki aliyepasuliwa akakaushwa, kwa kuwa Dodoma hakuna bahari. Mke wangu alikuwa amekaanga ndoo nzima ya visheti vya njiani.

Jioni mkwe akapiga simu. Mikumi nafasi zote zimechukuliwa na wageni wiki nzima ijayo, hadi katikati ya ile inayofuata. "Tungoje kidogo tu, baba."

Tukangoja. Asiyewahi kuaga halafu asiondoke hajui aibu yake. Jumatatu nilikwenda msikitini kwa uchochoro wa nyuma. Sokoni sikukanyaga, na mke wangu vilevile, tukala visheti vya safari ndani ya nyumba yetu huku ng'onda wakituelezea ukumbini kwamba wapo. Siku iliyofuata rafiki yangu wa nafaka akaniotea nikitoka kwenye sala ya alfajiri.

"Ahaa! Umerudi lini? Zabibu zangu ziko wapi?"

Waumini wakacheka, nami nikacheka. Ningefanya nini? Lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliisha. Mke wangu alikuwa ametoka kuzungumza na dada yake.

"Anasema chandarua kimekunjwa mara mbili," aliniambia. Alikuwa anafunga upya mkoba ambao ulishafungwa. "Baba watoto, mimi tembo nampenda. Lakini tembo akingoja wiki, ni tembo yule yule."

Nikaswali rakaa mbili, nikamwomba Mola anionyeshe lenye kheri. Kisha nikaketi na kuifuata ile ramani kichwani: Morogoro, Mikumi, Iringa, Mtera, Dodoma, halafu Gairo na Morogoro tena. Nikampigia mkwe.

"Mwanangu, njia yako si inazunguka?"

"Inazunguka, baba."

"Na kinachozunguka si huanzwa upande wowote? Tukipita Gairo kwanza, kesho jioni tupo kwa shemeji yangu. Tukitoka kwake tunashika Mtera na Iringa, na Mikumi tunafika siku ambayo nafasi ipo. Tuanze na zabibu, tumalizie na tembo."

Akacheka kwa nguvu hata nikaisogeza simu mbali na sikio. "Na mimi ninayo ramani mkononi!"

"Wewe una ramani. Mimi nimeshaaga, na sina uso wa kuaga mara ya pili."

Tuliondoka kesho yake baada ya alfajiri, gari likinuka ng'onda, na mtu hatukumwambia. Fukayosi tulipita watu wakielekea mashambani na majembe begani. Sikuharakisha moyo. Nilijua tutafika.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipofika kijijini. Shemeji alikuwa ameketi mbele ya nyumba, safu za mizabibu yake nyuma yake. Zabibu zake huuzwa mbichi barabarani. Za jirani yake huenda kwa watengeneza mvinyo. Wote wawili walitupokea vizuri. Mke wangu alipiga magoti mbele ya dada yake. Yule mama akamshika mashavu, akamgeuzia kwenye mwanga, huku na huku, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Haa!" akasema. "Mbona umezeeka hivi? Na hilo jino umelipeleka wapi?"

Mke wangu alilia na kucheka kwa pamoja. "Ameniona," aliniambia. "Hata pengo ameliona."

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie radhi za wale unaowaaga, akulainishie njia yoyote utakayoanzia, na akufikishe kwa wako wangali wanaiona sura yako. Amina.