Kiti cha Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa niliijua kofia ya baba mkwe wangu kuliko nilivyomjua mwenyewe. Niliijua kofia, nikakijua kikohozi chake cha asubuhi, nikaijua fimbo yake inavyogonga mawe ya njia ya Ikuti. Sura sikuijua. Nikiisikia ile fimbo nilikuwa navuta khanga mpaka kwenye nyusi na kuzama migombani, hata nikiwa na ndoo ya maji kichwani, hata kukiwa na matope. Akishapita natoka, naendelea na kazi zangu.

Ndivyo tulivyo sisi Wanyakyusa wa kizamani. Mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Si woga wa mtu mkali, jamani, mzee wa watu hajanikaripia hata siku moja. Ni heshima. Hamtazamani, hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Najua mabinti wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao ukumbini, wameshikana mabega. Hongera zao. Mimi niliolewa kwenye nyumba inayoshika mila, nami nikashika, na kusema kweli sikuona tabu yoyote mpaka mume wangu alipofariki.

Msibani kila aliyekuja alisema lile lile. Kwamba mzee na mwanawe walikuwa ndizi mbili za chane moja, na anayetaka kumwona marehemu amtazame baba yake. Watu wote waliweza kumtazama isipokuwa mimi. Mume wangu alikufa hajaota hata mvi moja. Aliniachia picha tatu, na zote amekunja uso kwa jua. Jua lenyewe huku kwetu ni la kubahatisha, na bado likamkuta siku za picha! Nilikuwa na njaa ya ile sura. Nasema njaa kwa sababu sina neno jingine. Ilikuwa inanishika popote, hata sokoni nikichagua mikungu.

Pikapu tulianza kuitamani wawili, tukiwa tunabebesha ndizi kwenye magari ya watu kutoka Ikuti hadi mjini Tukuyu. Niliimalizia peke yangu. Nilikwenda Mbeya nikarudi nayo, mpya, nailoni bado iko kwenye viti, na maneno ya yule kijana muuzaji yakiwa masikioni: "Mama, hapa una waranti ya miaka mitatu. Ukitoboa bodi, ukichomelea chuma, ukikata waya wowote, waranti imekufa." Niliposikia imekufa nikasema moyoni, basi, mimi nimeshazika vya kutosha. Hii haifi.

Haukupita mwezi, wifi yangu akanijia nyumbani Bagamoyo. Bagamoyo ya kwetu hapa Tukuyu, msije mkadhani nilihamia pwani. Wifi ndiye anayemtunza mzee kule Ikuti, na ndiye mdomo wetu, wa mzee kuja kwangu na wangu kwenda kwa mzee. Hakunywa hata chai.

"Baba anataka kufika Kisiba," akasema. "Kwenye kaburi la mama yake. Anasema miguu inamuaga, asipofika mwaka huu hafiki tena. Na anataka aende kwa gari lako."

Nikamwambia hilo ni jepesi, nitampa gari dereva. Akarudi kesho yake na jibu, akiliiga kwa sauti ya mzee: "Gali la mwanangu liendeshwe na mtu baki? Kwani mkwe wangu amevunjika mikono?"

Hapo ndipo nilipokwama. Pikapu yangu ina viti viwili mbele, na katikati pa kubana mtu mwembamba. Bega kwa bega na baba mkwe? Afadhali nitambae kwa magoti mpaka Kisiba. Kwa hiyo akae nyuma, kwenye bodi. Lakini mzee mwenye nyonga mbovu humkalishi juu ya bati kama mkungu wa ndizi. Alihitaji kiti cha kuegemea, paa la kumkinga na mvua yetu hii isiyojua kupumzika, na ngazi ya kupandia. Na vyote hivyo kwa pesa ya muuza ndizi.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa pili kutoka kwangu. Babu yake alikuja na cherehani kutoka pwani, akaonja ndizi za huku, akabaki. Mjukuu anasema Kinyakyusa kama sisi, ila akikasirika anarudi pwani mara moja. Alikuwa na kiti kizuri cha basi dogo lililochakaa. Alikiweka kwenye bodi, akarudi hatua mbili, akakitazama, kisha nikamwona ameshika drili.

"Matundu manne tu, mama. Boliti nne, kiti hakitoki mpaka Kiyama."

"Sitoboi."

"Basi nikichomelee. Nukta mbili ndogo, hata hao wa Mbeya hawatoziona."

"Huchomelei."

"Ya Rabi! Sasa nikibandike kwa uji?"

Nikamweleza habari ya waranti. Akaniambia waranti ni karatasi, chuma ni chuma. Nami nina hasira za karibu, nikamwambia kama karatasi si kitu basi na cheti chake cha ndoa akachane. Tukanuniana wiki nzima.

Wifi akapeleka habari Ikuti kwamba safari imekwama, waranti imekataa. Akarudi ananicheka mpaka anashika ukuta. Mzee alikuwa ameuliza: "Huyo Walanti ni mtu wa wapi?" Wifi alipojaribu kumweleza, mzee akaendelea na lake: "Kwani yeye hana mama aliyezikwa?" Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, akamtumia huyo Walanti mkungu wa ndizi, mkubwa, wa pale nyuma ya nyumba, na salamu zake, amruhusu mkwe wake japo siku moja tu.

Mimi niliucheka ule mkungu, halafu nikakaa nao jikoni nikalia. Nikaupeleka kwa fundi nikamweleza ulikotoka. Naye alicheka. Kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Walanti akishakula ndizi za mzee," akasema, "kazi lazima ifanyike."

Akaifanya, tena bila kuligusa gari. Alichomelea fremu ya mabomba ya mraba kule kwenye banda lake, cheche zisifike hata kwenye rangi. Chini ya fremu alifunga vipande vya tairi kuukuu, ikakaa ndani ya bodi kama kitanda ndani ya chumba, halafu akaibana kwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye zile ndoano zilizokuja na gari lenyewe. Kiti akakikalisha juu ya fremu kwa vyuma viwili na nati nne zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole. Turubai likapita juu ya matao manne. Ngazi ilikuwa ya mbao, ya kuning'iniza kwa kamba. Hakuna tundu hata moja. Nilizunguka gari lote nikilipapasa kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe, sikuona kitu.

Tulikubaliana kupitia wifi kwamba kiti kitazame nyuma, ili mimi na mzee tupeane migongo. Kwenye kile kioo cha nyuma ya kichwa changu nikatundika khanga kwa vipira vya kunata. Akigonga paa mara moja, nisimame. Mara mbili, twende.

Siku ya safari nilijificha upande wa pili wa nyumba mpaka wifi alipomaliza kumpandisha mzee na kukaa pembeni yake kwenye godoro. Nikaja na khanga yangu usoni, nikaingia mbele, nikafunga mlango. Juu yangu: ko, ko.

Nikaendesha kama niliyebeba mayai. Kutoka Ikuti tukapita Tukuyu, tukaanza kuteremka kuelekea Kisiba, joto likiongezeka kidogo kidogo. Na njia nzima nilikuwa namsikia nyuma yangu akisalimia watu. "Ugonile! Ugonile!" Sauti ilikuwa ya mume wangu, imekwaruzika tu. Sasa, kwetu mtu unamsalimia anapokuja mbele yako, lakini yule mzee kwa jinsi alivyokaa alikuwa anawaona watu wakishapitwa. Salamu zake zote ziliwafikia migongoni. Wengine waligeuka wakishangaa nani anawaita, gari limeshaondoka. Nilicheka peke yangu, halafu nikamwonea huruma.

Kaburi liko juu kidogo ya ziwa la Kisiba, kwenye migomba ya ndugu zake. Wifi na hao ndugu walimshika mikono wakampeleka. Mimi nilibaki chini, nikanawa uso ziwani, nikakaa. Nilikuwa nawaza mume wangu aliahidi kunileta hapa. Alisema maji ya Kisiba yametulia kiasi kwamba unajiona. Nilijiona kweli, mwanamke wa makamo mwenye khanga, peke yake. Nikamwambia, nimekuja, wewe uko wapi?

Waliporudi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya ghala la hao ndugu. Nikasikia wakibishana kwenye gari, chuma kikilia, wifi akisema, "Baba, acha, utaumia vidole." Sikuelewa. Waliponiita nikaja na khanga yangu, macho chini, nikaingia mbele nikawasha.

Pale palikuwa pamebana. Upande mmoja mgomba, upande mwingine jiwe, na ilibidi nirudi nyuma ili nigeuze. Nikafikiri: nitaona kisogo na kofia tu, hakuna ubaya. Nikaisogeza ile khanga ya kioo cha nyuma, nikatazama kwenye kioo kidogo cha juu cha kuonea nyuma.

Mzee alikuwa amegeuza kiti.

Alikuwa ananitazama. Kofia aliivua kaburini, ilikuwa bado gotini. Na ilikuwa ni yeye, mume wangu. Paji lile lile, ile mikunjo miwili kati ya nyusi, mdomo umeinama kushoto kama wa mtu aliyetaka kucheka akajizuia. Ila alikuwa amezeeka. Alikuwa na mvi zote ambazo hakuziota, na mashavu yaliyoingia ndani, na macho yenye ukungu. Nilimwona mume wangu jinsi ambavyo angekuwa kama tungezeeka pamoja.

Mkono wangu ulinyanyuka kuirudisha khanga. Miaka kumi na tisa mkono huo haukuhitaji kuambiwa. Lakini mzee hakugeuza uso. Alinyanyua fimbo yake taratibu, akagonga paa mara mbili.

Nikaenda. Khanga sikuirudisha. Kutoka Kisiba hadi Ikuti nilitazama kile kioo kuliko nilivyotazama barabara, Mungu anisamehe, na machozi yalikuwa yananitoka mpaka shingoni. Yeye aliwasalimia watu uso kwa uso njia nzima, nao wakaitikia.

Tulipofika aligonga mara moja. Nikateremka upande wa pili, khanga kwenye nyusi, nikaingia migombani kama kawaida. Jioni nilimuuliza wifi mzee alisemaje. Akasema aliifungua ile nati ya kwanza kwa vidole vyake mwenyewe. "Alisema amechoka kusalimia watu wameshabaki nyuma. Basi." Lakini mzee alijua khanga iko kiooni, na alijua mwenye kuisogeza ni nani.

Waranti imekwisha mwaka huu, salama, haikupata hata mkwaruzo. Fundi alikuja na drili yake, meno nje. "Walanti amefariki, mama. Sasa tutoboe?" Nikamwambia akiligusa gari langu nitamvunja mkono. Kungekuwa na zile boliti zake nne, mzee angekuwa anatazama Kiyama kwa kisogo mpaka leo.

Safari mzee haziwezi tena. Ila nikienda Ikuti kufuata ndizi, kabla sijapakia, wifi anamshika mkono anapanda ile ngazi ya mbao, anakaa kwenye kiti chake, uso mbele. Mimi naingia kwa dereva, gari limezimwa, nasogeza khanga. Tunatazamana kiooni. Wifi analeta chai, kikombe chake nyuma, changu mbele. Mzee akitosheka anagonga mara moja, nami narudisha khanga, nasubiri ateremshwe.

Juzi hakugonga. Tulikaa mpaka chai ikapoa, yeye bado ananitazama kiooni, tukaendelea kukaa.