Lori la Kaka na Lakiri ya Gereji

Kaka yangu aliuza mikorosho ya marehemu baba ili anunue lori. Hakuniuliza, ingawa nami nilikuwa na sehemu yangu katika mikorosho ile. Aliniambia mambo yakiwa yamekwisha, tumekaa barazani kwake Masaki, kule Kisarawe, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Wewe ndiye utakayeliendesha," alisema.

Nilikuwa nimerudi kutoka vitani miaka michache kabla ya hapo. Katika jeshi la Waingereza nilifundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza, na tangu nirudi nilikuwa nalima muhogo kama mtu ambaye hajapata kutoka kijijini. Kwa hiyo sikugombana naye. Nilifurahi, na ni vizuri niseme hivyo tangu sasa, maana baadaye nilipenda kujisimulia kwamba tangu mwanzo nililichukia lile lori.

Tulilinunua Mjini, Dar es Salaam, kwenye duka la magari lenye vioo vikubwa mbele na gereji nyuma. Halikuwa jipya. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani juu ya kutu, na nilipolisikiliza likiunguruma nilimwambia kaka kwa sauti ya chini kwamba injini ile imechoka. Karani wa duka alinisikia. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mwenye soksi ndefu nyeupe na wino kwenye vidole.

"Imechoka, sawa," alisema. "Ndiyo maana tunawapa garantii."

Akatusomea karatasi ya Kiingereza, akatutafsiria: kwa muda wa miezi sita, chochote kitakachoharibika kampuni itakitengeneza bure. Kaka aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Hakujua kusoma hata neno moja la Kiingereza, nami nilijua machache ya kijeshi tu, lakini njia nzima ya kurudi aliitoa mfukoni mwa kanzu, akaitazama, akairudisha.

Biashara ilikuwa kubeba muhogo na mkaa. Tulichukua mizigo Masaki na vijiji vya jirani, siku nyingine tukaenda hadi Kibaha. Wiki ya pili breki zikalegea. Tukalipeleka gereji, wakakaa nalo siku kumi. Liliporudi breki zilishika, lakini tairi la akiba, lililokuwa zima, lilikuwa limegeuka kuwa kipara kilichochanika ubavuni.

"Hili silo tairi letu," nilimwambia karani.

"Nani alikuona ukija na jingine?" alijibu bila kuinua kichwa.

Ikawa hivyo kila safari. Tulipeleka ugonjwa mmoja, tukarudi na miwili. Walitengeneza gia, betri ikabadilika. Walitengeneza taa, jeki ikapotea. Tulikaa kwenye benchi la uani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na wateja waliofika baada yetu waliitwa mbele yetu. Kaka hakulalamika hata mara moja. Nje ya geti ndipo alipogeuka na kunifokea mimi, kwamba naendesha vibaya, kwamba natia gia kama nachimba kisiki.

Kisha lori likazimika Kibaha, limejaa muhogo mbichi. Pampu ya petroli ilikuwa imekufa. Ndani ya pampu ile kuna ngozi nyembamba inayopanda na kushuka, ndiyo inayovuta petroli, nayo ilikuwa imechanika. Kaka alisema tuwasubiri watu wa gereji. Tulisubiri siku mbili, muhogo ukaanza kuota ukungu. Siku ya tatu nikafungua pampu, nikakata kipande cha ngozi kutoka kwenye kiatu changu, nikakipachika, na lori likawaka. Kaka alicheka akanipiga mgongoni. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka kumwona akicheka nami kwa furaha.

Tulikwenda gereji moja kwa moja ili tuwekewe ngozi ya kweli. Fundi mkuu, Mzungu mnene aliyependa kupangusa mikono hata ikiwa safi, alifungua pampu, akakitoa kipande cha kiatu changu, akakiinua juu kama mtu aliyekamata panya. Mafundi wote wakacheka. Akasema jambo kwa Kiingereza na karani akatafsiri.

"Anauliza nani amefungua. Akisha kufungua mtu mwingine, garantii imekufa."

Kaka hakuchelewa hata kidogo. "Huyu," alisema, akininyooshea kidole. "Mimi nilimkataza, bwana mkubwa. Huyu hasikii."

Akanipiga kofi. Palepale uani, mbele ya mafundi na wateja, mimi mtu mzima niliyekuwa nimetoka vitani. Akaendelea kuwaambia kwamba mimi si lolote, ni dereva tu, lori silo langu. Nilitazama chini nikaona mguu wangu mmoja una kiatu chenye kisigino kilichokatwa. Fundi mkuu aliridhika. Akasema atasamehe mara moja hii, lakini atafunga lakiri. Waliweka ngozi mpya, wakapitisha waya kwenye nati zote za pampu na mrija wake, wakaubana ncha kwa kipande cha madini ya risasi, kama magunia ya posta yanavyofungwa.

"Lakiri ikikatwa," karani alisema, "msituletee tena."

Hayo yalitokea siku ya Jumatatu. Alhamisi ya wiki ileile shemeji, mke wa kaka, akashikwa na uchungu.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza kufika miezi kamili. Mbili zilikuwa zimeharibika kabla. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mtu wa Kwala, na tangu nirudi vitani ni yeye aliyenipikia bila kunifanya nijione mzigo. Alipambazukiwa na uchungu, na shangazi yetu, aliyekuwa mkunga, akasema mtoto amekaa vibaya na lazima twende hospitali. Tulitandika magodoro nyuma ya lori, tukampakia pamoja na shangazi. Kaka akakaa mbele nami. Jua lilikuwa limeshatoka.

Tulikuwa bado hatujafika Kisarawe penyewe, kwenye boma, tunapanda kilima, lori lilipokohoa mara tatu likanyamaza. Nilijua kabla sijashuka. Ni pampu tena.

Jeshini tulikuwa na dawa ya shida ile. Unalifunga debe la petroli juu ya paa, unateremsha mpira mpaka kwenye kabureta, na petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake, pampu huihitaji tena. Debe nilikuwa nalo, na mpira. Kilichotakiwa ni kufungua mrija, na mrija ulikuwa chini ya lakiri.

"Robo saa," nilimwambia kaka. "Nikate waya huu, baada ya robo saa tunaondoka."

Aliitazama ile risasi. Nyuma shemeji alipiga kelele, na kaka alishtuka kama aliyechomwa, lakini hakuacha kuitazama.

"Usiguse," alisema. "Miezi sita haijaisha. Ukikata, tumekwisha."

"Kaka, mkeo yuko nyuma."

"Nimesema usiguse! Nakwenda boma la serikali, wawapigie simu gereji. Wakileta fundi wao, tutapona sote, yeye na lori."

Akaondoka, kanzu ameishika mkononi, nusu anatembea nusu anakimbia.

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka mingi nilipaepuka. Kaka aliondoka akaniacha na lori, koleo la kukatia waya mkononi mwangu, na hakukuwa na mtu wa kunizuia. Shangazi alichungulia kutoka nyuma, uso umemtoka jasho.

"Wewe si fundi?" aliniuliza. "Tengeneza, mwanangu."

"Lori lina mwenyewe," nilimjibu. "Mwenyewe amekataza. Mimi ni dereva tu."

Ndivyo nilivyosema, maneno yaleyale ya kaka ya uani. Watu niliopata kuwasimulia walidhani nilikuwa namwogopa. Sikumwogopa. Shavu langu lilikuwa bado linawaka kwa kofi la Jumatatu, na nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara nikiwaza: mwache. Mwache aone garantii yake itamfikisha wapi. Nilidhani yatakayotokea ni aibu tu, mtoto atazaliwa barabarani, kaka atasutwa kijiji kizima, nami nitakuwa nimelipwa. Kila shemeji alipopiga kelele nilikaza mkono kwenye koleo, kisha nikaulegeza. Baadaye hakupiga kelele tena, alinguruma tu, na kimya kati ya mngurumo mmoja na mwingine kikawa kirefu. Hakuna gari lililopita.

Nilipoinuka hatimaye kwenda kufungua boneti, shangazi aliniita jina langu kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa sauti ile nikajua nimechelewa. Alikuwa amemshika mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi, wa rangi ya zambarau iliyoiva. Shemeji alikuwa hai, macho yako wazi, anatazama turubai.

Kaka alirudi akihema. Alianza kusema kabla hajafika.

"Wamekubali! Fundi anakuja mchana. Wamesema tusiguse kitu."

Shangazi akasema, "Inna lillahi," na kaka akasimama.

Nilimwuliza swali moja tu. "Boma hawakuwa na gari? Hukuwaomba gari la kumbeba?"

Aligeuka akaitazama njia aliyotoka. Niliona usoni mwake kwamba wazo lile halikumjia. Alitembea njia yote ile, akafika penye magari ya serikali, akaomba simu ya kuliombea lori fundi.

Fundi hakuja mchana. Alikuja kesho yake, alasiri, tumeshamzika mtoto Masaki, akalivuta lori mpaka Mjini. Jumatatu iliyofuata kaka alitaka twende gereji. Alikuwa amevaa kanzu yake safi kuliko zote. Nadhani aliamini kwamba kwa kuwa alitii, na kwa jinsi utii ule ulivyomgharimu, watu wale wangemwona kuwa mteja wa maana.

Fundi mmoja alifungua boneti, akaingiza koleo, akakata waya bila hata kuutazama. Lakiri ikaanguka kwenye tope la grisi. Kaka aliifuata kwa macho.

"Haikuguswa," alimwambia karani. "Umeona? Haikuguswa."

"Nini?"

"Lakiri. Mke wangu alikuwa na uchungu ndani ya lori, mtoto akafa, na hatukuigusa."

Karani aliweka kalamu chini. Kwa muda mfupi nilidhani atasema pole.

"Mngeikata tu, bwana," alisema. "Ile haimo hata kwenye karatasi. Tunawafungia wateja wasumbufu, wasitujie kila wiki." Akaichukua karatasi ya kaka, akaigeuza nyuma, akaweka kidole chenye wino kwenye maandishi madogo. "Halafu pampu haimo kwenye garantii. Imeandikwa hapa. Pampu, breki, betri, matairi. Hizo tulizowatengenezea mwanzo tulifanya kwa hisani."

Kaka hakumpiga. Nilingoja ampige, nilitamani ampige, hata nilisogea nimpishe nafasi. Alisema, "Asante, bwana," akaikunja karatasi akairudisha mfukoni.

Kofi lililokuwa la karani alilipeleka nyumbani. Hakumpiga shemeji kwa mkono. Alimpiga kwa maneno, siku baada ya siku, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Alisema tumbo lake ni kaburi. Alisema wanawake wengine wanazaa shambani na kurudi na kuni kichwani. Alisema kama angevumilia mpaka mchana mambo yangekuwa mengine. Shangazi alimkemea mara moja, akafukuzwa barazani. Mimi nilikaa nikala chakula alichopika shemeji na sikufungua mdomo.

Siku arobaini zilipopita, shemeji alifunga nguo zake kwenye kanga. Kaka alikuwa Mjini, anagombea pampu. Shemeji aliniomba nimsindikize mpaka stesheni ya Soga, apande treni kwenda kwao. Tulitembea tangu alfajiri, mimi mbele na mzigo, yeye nyuma, bila mazungumzo. Stesheni tulikaa chini ya paa la bati, na hapo ndipo aliposema, kwa upole wake uleule.

"Shemeji, siku ile nilikuwa nasikia kila kitu. Turubai si ukuta."

Niliinama nikakaza fundo la mzigo wake.

"Ulimwambia kaka yako robo saa. Ilikuwa kweli, au ulikuwa unajisifu tu?"

Ningeweza kumdanganya. Ingekuwa huruma ndogo, na yeye labda ndiyo aliyokuwa akiiomba. Lakini nilikuwa bado na kiburi cha ufundi wangu, hata pale.

"Ilikuwa kweli," nilisema.

"Na alipoondoka kwenda boma, ulikaa muda gani?"

"Muda mrefu."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuifanya peke yake.

"Yeye alikuwa mjinga," alisema. "Wewe hukuwa mjinga."

Treni ilipofika nilimwinulia mzigo. Aliuchukua kutoka mikononi mwangu, akaushusha chini, akasubiri mpaka mtu mwingine, mchuuzi asiyemfahamu, alipomsaidia kuupandisha.

Kaka alioa tena mwaka uliofuata na kupata watoto saba. Mimi niliendelea kumwendeshea lori mpaka lilipokufa kabisa, na katika muda wote ule hatukuzungumza habari za siku ile. Kwala nilipita mara nyingi baadaye, kwa kazi. Sikusimama.